Mkono Uliozoea Machimbo

Wafula mwanangu,

Anayeandika ni dada yako Nekesa, lakini maneno ni yangu mimi baba yako. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze. Ruhusa niliyompa ni moja tu, ya kuninyooshea Kiswahili, kwa sababu wewe unakwenda kusomea ualimu na sitaki uanze kazi hiyo kwa kusahihisha makosa ya baba yako. Jua bado liko juu ya mlima Eburru. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako, na mama yako yuko jikoni anachemsha mayai ya safari. Barua hii atakupa kesho asubuhi pamoja na chai. Uisome kabla hatujatoka kwenda stesheni. Ukiisoma ndani ya treni haitakuwa na kazi tena.

Mambo ya blanketi na sabuni na kusalimu walimu mama yako ameshayasema, na atayasema tena. Mimi nina neno juu ya mawe. Najua umechoka na mawe. Hata mimi nimechoka.

Jana jioni nilikuona ukifungua sanduku. Ulitoa lile shati jeupe, ukalikung'uta, ukalitundika ukutani mahali lilipokuwa siku zote. Ulidhani nimelala kwenye kiti. Sikuwa nimelala. Nilijua unafikiri nini, kwa maana mimi pia nilikuwa nikifikiri hilo hilo. Ukibaki hapa na kuichukua ile kazi ya kulinda mashimo ya Bwana, sisi tutabaki katika nyumba hii, wote, na Nekesa atamaliza shule yake. Ukienda chuoni, mwisho wa mwezi tunatoka, na kila mtu anakwenda upande wake. Ndivyo ilivyo. Sitakudanganya kwamba ni kitu kidogo.

Kazi ile ilikuwa iwe yangu. Nataka uelewe ilivyonishinda, kwa maana wewe ulikuwa shuleni na ulifika mwishoni tu.

Unakumbuka tulipokuwa tukikaa kule machimboni, upande wa pili wa Nakuru. Ulikuwa mdogo, ulikuwa ukiniletea uji katika mkebe. Mimi nilikuwa fundi wa mawe ya kujengea. Sijisifu, ila nilikuwa fundi. Mtu wa machimbo hupewa jiwe lisilo na sura, hulipima kwa macho, hupiga mstari kwa mkaa, kisha hutembeza tindo juu ya mstari ule, tik, tik, tik, bila haraka, halafu hugonga mara moja katikati kwa nyundo kubwa na jiwe hufunguka kama mkate. Baada ya hapo ni kona. Fundi hujulikana kwa kona. Msimamizi wetu alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye kona za mawe yangu, kidole kikikwaruzika anasema, "Hii ya Simiyu." Jiwe lenye kona iliyolika lilirudishwa, na mwenye jiwe alichekwa mpaka jioni. Ukipita mjini ukaona ukuta ambao kona zake zimesimama, uguse. Labda nilipita hapo.

Kisha ikaja hali ya hatari. Wenzangu wengi wakapakiwa kwenye malori ya askari asubuhi moja, na sisi tuliobaki tukapewa kazi yao juu ya kazi yetu. Vumbi likawa halishuki tena. Kifua changu kikaanza kufunga. Daktari akaniwekea chuma chake mgongoni, akasikiliza, akasema nikirudi machimboni nirudi na jeneza. Nilirudi mara moja tu, kuchukua nyundo zangu.

Ndiyo tukaja hapa kwenye mashimo. Huyu Bwana, Mzungu ambaye watu humwita Bwana Mifupa, alikuwa anatafuta watu wa kuchimba taratibu kwa mwiko na brashi, kutafuta vitu vya watu wa zamani. Kazi nyepesi, vumbi kidogo, na nyumba juu ya mshahara. Mama yako alicheka siku ya kwanza. "Baba Wafula, sasa unalipwa kufagia?" Nikamwambia ndiyo, nafagia shimo. Tulikuwa na furaha.

Lakini shimo lolote lina mwisho wake. Bwana alituita akasema kazi ya kuchimba itafungwa, na mtu mmoja tu atabaki, pamoja na nyumba, kulinda mahali na kuwaonyesha wageni. Wageni wakija watataka kuona jinsi watu wa zamani walivyochonga mashoka yao ya mawe. Kwa hiyo atakayebaki ni yule atakayeweza kuchonga shoka mbele yao, kwa jiwe jeusi lililo kama kioo, kwa kutumia mawe matupu, bila chuma. Alitupa muda mpaka mvua zianze.

Wote wakanigeukia mimi. Mmoja akapiga makofi. "Imekwisha hiyo! Si fundi wa mawe yupo?" Na mimi, Wafula, nikatabasamu. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama yako apande mboga za sukuma nyuma ya nyumba, tutakuwapo kuzivuna.

Mwalimu wetu alikuwa nyapara, Mzee Kilonzo. Yeye alijifunza kwa Bwana miaka mingi iliyopita. Alikaa juu ya kasha, akatandika kipande cha ngozi juu ya paja, akashika jiwe jeusi kwa mkono wa kushoto, vidole vikiwa chini yake. Kwa mkono wa kulia alishika jiwe la mviringo la mtoni. Kwanza alisugua ukingo wa lile jeusi kwa kijiwe kingine chenye kukwaruza, mpaka makali yake yakafa. Ndipo akagonga pembeni kabisa, kwa mshazari, na kipande kirefu chembamba kikamdondokea vidoleni. Kilitoka upande wa chini. Alipiga juu, jiwe likafunguka kule chini ambako yeye mwenyewe hakuona.

"Umeona, Fundi?"

"Nimeona."

"Haya, shika."

Nilishika. Nikapima kwa macho, nikatafuta katikati, nikagonga. Jiwe lile zuri, lililobebwa kutoka mlimani, likawa vipande kama chupa iliyoanguka baa. Watu walicheka sana, nami nikacheka nao. Siku ya kwanza mtu anaweza kucheka.

Kilonzo alisema, "Fundi, hapa hatujengi posta."

Siku zilizofuata sikucheka. Nitakuambia makosa yangu kama nilivyoyajua baadaye, kwa sababu wakati ule sikuyajua hata moja. Nilijua tu kwamba nimepiga na imeharibika.

La kwanza ni kusugua ukingo. Kilonzo alinieleza mara nyingi kwamba ukingo mkali ni mwembamba, ukiugonga unasagika na nguvu yako inafia hapo hapo. Lazima kwanza uutie butu kidogo ili upate nguvu ya kubeba pigo. Nilielewa. Ningeweza kumweleza mtu mwingine vizuri. Lakini nikishika kijiwe cha kusugulia, mkono unakataa. Maisha yangu yote kona ilikuwa ndiyo heshima yangu. Kuchukua kona kali, safi, na kuisaga kwa makusudi, mkono wangu uliona ni kama kuharibu kazi ya mtu. Ningesugua mara moja, kidogo, kwa woga, kama mtu anayefuta uso wa mtoto mgonjwa. Kisha nagonga na ukingo unasagika, na Kilonzo anapumua kwa nguvu puani.

"Umesugua?"

"Nimesugua, Mzee."

"Umebembeleza. Nimekwambia sugua."

La pili lilikuwa baya zaidi. Wakati mwingine kipande hakitoki chote. Kinakatikia katikati ya safari, na juu ya jiwe kunabaki kidaraja. Anayejua hukiacha hicho, hugeuza jiwe, huanza upande mwingine. Mimi sikuweza kuacha. Machimboni pigo lisipofungua jiwe unapiga tena pale pale, kwa nguvu zaidi, na jiwe hutii. Kwa hiyo nilipiga tena pale pale. Vidaraja vinakuwa viwili, vitatu, mpaka jiwe lina uvimbe usioondoka.

"Umeshajenga ngazi, Fundi," Kilonzo alisema siku moja. "Sasa panda, ukifika juu tusalimie."

Hata Bwana alikuja akasimama nyuma yangu na Kiswahili chake kile. "Simiyu, wewe napiga kama treni. Hapana nguvu. Polepole. Hii jiwe hapana adui."

Nilimjibu, "Ndiyo, Bwana," na pigo lililofuata nilipiga kama treni.

Jioni nilikuja nyumbani mikono imechanika. Kipande cha jiwe lile ni chembamba kuliko wembe, hukisikii kikiingia, unaona damu tu kwenye suruali ndipo unajua. Mama yako alinichokonoa vidole kwa sindano mbele ya taa, akigombana na mawe kana kwamba yanamsikia. "Yalianza kifua, sasa yanataka na vidole. Yakimaliza yatanitaka mimi?" Baadaye aligeuza uso kuelekea nyuma ya nyumba, nikajua hatanii tena. Alikuwa ameziona zile sukuma zimeota.

Nilianza kubeba mawe mpaka nyumbani. Nilikaa nyuma ya jiko nikipiga mpaka giza. Nekesa alikuwa akifagia vipande asubuhi kabla ya kwenda shule ili kuku wasivimeze. Sasa ninamwambia aandike hilo, kwamba alifagia.

(Kaka, nimeandika kwa sababu ameniamuru. Vipande vilikuwa vingi.)

Mwanangu, kushindwa na kitu usichokijua si taabu kubwa. Mtu akishindwa kuogelea husema, sisi kwetu hakuna mto. Lakini kushindwa na jiwe! Watu walioniita fundi kwa heshima waliendelea kuniita Fundi, jina ni lile lile, ila sasa kulikuwa na kicheko nyuma yake. Wakati mwingine niliangalia mkono wangu wa kulia nikaona ni kama mkono wa mtu mwingine aliyekuja kukaa kwangu na hataki kuondoka. Ningekuwa sijawahi kushika nyundo maishani ningejifunza kwa mwezi mmoja. Kijana aliyekuwa akichota maji pale mashimoni, ambaye hajui lolote, alitoa kipande kizuri siku ya tatu. Mimi nilikuwa na kazi mbili, kujifunza hiki na kusahau kile, na hii ya kusahau hakuna mtu aliyeweza kunifundisha.

Kisha wewe ulimaliza mtihani ukarudi nyumbani.

Ulikaa karibu nami siku chache ukiangalia. Nilidhani unanihurumia, na sikupenda. Siku ile ya Jumamosi uliokota jiwe nililolitupa, lenye ngazi zangu zote. Uligeuza upande ambao sikuwa nimeugusa. Ukasugua ukingo vizuri, bila woga, ukagonga, na kipande kikatoka kama ganda la kitunguu. Nilikiona kikikaa kiganjani mwako, mwanga unapita ndani yake.

"Umebahatisha," nilisema.

Ulisugua tena, ukagonga tena. Kikatoka cha pili.

Niliinuka nikasema nakwenda kuangalia mbuzi. Unajua hatuna mbuzi. Nilikwenda mpaka kwenye miiba nikasimama pale. Nilifurahi, Wafula, nataka ujue nilifurahi. Na furaha ile ilinichoma kama moshi, sikuweza kuivuta ndani.

Kesho yake nilikuomba unifundishe. Ulikuwa mwalimu mzuri. Hukunicheka. Ulisema, "Baba, usilipige. Inua mkono tu, halafu uuache uanguke wenyewe." Nilijaribu kuuacha uanguke. Mkono huu haujui kuanguka. Uliniambia tena, na mara ya tatu nilikukaripia mbele ya mama yako, nikalitupa jiwe ukutani, na likavunjika vizuri kuliko siku zote. Mama yako alisema, "Basi mwambie Bwana akuletee ukuta." Tulicheka sote watatu, hata mimi. Ile ilikuwa jioni nzuri. Naiweka pamoja na jioni nzuri.

Na kweli nilianza kupata. Si sana. Kipande kimoja kizuri, vibaya vinne. Nilijifunza kusugua kwa kufumba macho, ili nisiione kona inavyokufa. Siku Bwana alipokuja na wageni wake kutuangalia, nilikuwa na jiwe zuri na asubuhi ilikuwa ya baridi, kifua kimefunguka. Ulikuwapo. Unajua nilifika wapi. Shoka lilikuwa limetoka. Lilikuwa na umbo la jani, makali pande zote mbili, Kilonzo amesimama kimya, na huyo akiwa kimya ujue mambo ni mazuri. Ningeliweka chini wakati ule, leo tusingekuwa tunaandika barua.

Lakini niliona kinundu kidogo karibu na ncha. Hakikudhuru kitu. Mashoka ya watu wa zamani yaliyo ndani ya makasha ya Bwana yana vinundu vikubwa kuliko hicho. Fundi wa kujenga ndiye aliyekiona. Fundi yule hawezi kupeleka jiwe lenye kinundu kwa msimamizi. Niligonga mara moja, pale pale juu ya kinundu, bila kusugua. Likakatika vipande viwili mkononi mwangu, likatoa sauti ya chupa.

"Pole, Simiyu," Bwana alisema. Nadhani aliumia kweli.

Kisha akakugeukia wewe. "Wewe toto, jaribu."

Uliniangalia. Ulikaa juu ya kasha, ukatandika ngozi, ukachukua jiwe jipya. Hukusugua ukingo. Ulitafuta katikati, ukainua mkono juu, ukagonga kwa nguvu zako zote, na jiwe likatawanyika. Watu wakasema aa, pole kijana. Mimi nililijua pigo lile. Lilikuwa langu. Ulilipiga kama mimi, kwa makusudi, ili usinipite mbele ya watu.

Sijui nikuambie nini juu ya hilo. Nimemwambia Nekesa asubiri hapa nifikirie, amesubiri, na bado sijui.

Halikukusaidia. Kilonzo alikwenda kwenye kasha lake akaleta mashoka mawili uliyochonga wiki ile, alikuwa ameyaweka. "Huyu anajua, Bwana. Leo ameamua kutojua." Bwana aliyageuza, akacheka, akasema, "Hii toto nabaki hapa. Nyumba ya baba nabaki na yeye." Wewe ukasema utafikiri. Wakati huo barua ya chuo ilikuwa imeshafika, na wote tulijua kwamba nafasi ya chuo haingojei mtu, wako wengi mlangoni.

Tangu siku hiyo umefikiri. Nami nimefikiri. Umeniuliza mara mbili, na mara zote nimekujibu, "Nenda," haraka, kama mtu anayefukuza kuku. Hukuamini jibu la namna hiyo. Hata mimi nisingeliamini. Kwa hiyo nalisema polepole, kwa mkono wa dada yako.

Sina hakika kwamba ni sawa uende. Ningependa baba yako awe mtu mwenye hakika. Nikihesabu kwa akili naona ukibaki tunakula pamoja, na ukienda mama yako na Nekesa wanarudi Kimilili kwa mjomba wenu ambaye nyumba yake imejaa, na mimi nabaki mjini kutafuta kazi ya uaskari wa usiku kwenye duka, nikikohoa wezi wanisikie. Nekesa anaacha shule yake katikati ya mwaka. Hayo yote ni kweli na siwezi kuyazuia. Nimezunguka nyumba hii kila upande, kama jiwe, nikitafuta mahali pa kugonga, sijapaona.

(Hapa Baba ameniuliza kama naandika au nalia. Naandika. Kaka, Kimilili pia kuna shule. Nilimwuliza mwalimu wangu, amesema atanipa karatasi ya kunitambulisha huko, na kwamba kitabu cha hesabu ni kile kile. Baba hajui kwamba nimeuliza. Sasa nimemsomea hapa na amejua.)

Amejua, ndiyo. Tuendelee.

Ninachokijua ni mkono wangu tu. Mkono huu ulipewa nyundo nikiwa na umri kama wako, nao ukaishika vizuri, na ulipotakiwa kushika kitu kingine haukuweza. Hakuna aliyenikosea. Nilipewa kazi, ilikuwa kazi nzuri, niliipenda. Lakini ilinijaa mpaka kwenye mifupa, na ilipoondoka haikuacha nafasi ya kuingia nyingine. Wewe mkono wako bado haujajaa. Nimeuona. Unachukua kitu chochote unakigeuza upande ambao mwenzako hakuugusa. Ukikaa hapa kwenye kasha la Bwana, ukichonga shoka lile lile kwa kila mgeni anayekuja, kwa miaka, najua mkono huo utakuwaje. Utakuwa mzuri sana, na utakuwa kama wangu.

Labda nakosea. Labda hapa pia nagonga katikati.

Utakuwa mwalimu. Siku moja utapata mtoto darasani ambaye unamweleza, anaelewa, anakuitikia, na mkono wake unafanya vingine. Utamweleza tena naye atafanya vile vile, na wenzake watacheka. Mtoto huyo usimpige. Usimwambie ni mjinga. Mwulize nyumbani kwao wanafanya kazi gani. Huenda mkono wake umeshafundishwa kitu kingine, vizuri, na mtu aliyempenda. Kaa naye kama ulivyokaa nami nyuma ya jiko. Mimi sikuweza, lakini huenda yeye akaweza. Hilo ndilo ninaloweza kukupa kwa safari. Sina lingine la maana.

Na pigo lile la mbele ya wageni, usilipige tena. Si kwangu, si kwa mtu yeyote. Usijifanye hujui ili mwingine asiumie. Niliumia zaidi kuliona kuliko kuvunja shoka langu, na nadhani wewe uliumia kuliko sote. Ukiwa unajua, jua mbele ya watu.

Nekesa anasema karatasi inakwisha. Nilitaka kukuambia mambo ya babu yako pia, basi, yatabaki.

Sikiliza sasa hili, ndilo lililonifanya nitake barua. Kesho tutakwenda wote stesheni. Treni ikichelewa tutakaa pale kwenye benchi. Mama yako ataanza kukufunga vifungo vya koti kama mtoto. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni, na najijua. Nitakohoa, nitaangalia reli, kisha mdomo wangu utafunguka na nitakuambia ubaki. Nitalisema kwa sauti nzuri, na sababu nzuri, na zote zitakuwa za kweli. Nitataja kifua changu, nitamtaja na Nekesa. Naweza hata kulia, sijui, sijawahi kuwa mbele ya treni ya namna hiyo.

Usinisikilize. Maneno yangu ni haya yaliyo hapa, niliyoyasema nikiwa nimekaa, kifua kikiwa wazi, binti yangu akiyaandika. Yule mzee wa kesho kwenye benchi mpe mkono kwa heshima, mwambie "Ndiyo, Baba," halafu upande treni.

Ni mimi baba yako,
Simiyu